Nyama Imebadili Vazi: Mnunuzi Aangalie Nini?

Hotuba hii ilitolewa na mkaguzi wa nyama kwenye baraza la wakazi, wauza nyama na vikundi vya akina mama huko Marani. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Niliombwa nizungumze kwa muda mfupi, na nitajaribu, ingawa mnajua daktari wa mifugo akianza kusema juu ya nyama hamalizi upesi.

Nianze na jambo lililonileta hapa. Mama mmoja wa upande wa Kegogi alinipigia simu jioni moja akiwa na hasira. Alikuwa anatarajia wakwe. Alikuwa amekwenda mjini Kisii, akaingia supamaketi, akanunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa. Nyama ile haikuwa kwenye trei kama alivyozoea. Ilikuwa imefungwa kwa plastiki nzito iliyobana kabisa, hewa yote imefyonzwa. Alipofika nyumbani akaikata pakiti. Nyama ilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi, na ilitoa harufu asiyoipenda. Akasema, "Daktari, wameniuzia mzoga." Nikamwuliza, "Mama, hiyo nyama iko wapi sasa?" Akasema, "Nimewapa mbwa. Nimechinja kuku."

Zaidi ya shilingi elfu moja zilikwenda kwa mbwa. Kwa maelezo aliyonipa, na kwa kuwa pakiti ilikuwa imetoka kwenye friji muda mfupi tu uliopita na tarehe yake ilikuwa bado, nyama ile huenda haikuwa na kasoro yoyote. Kama angeiacha kwenye sahani kwa nusu saa, harufu ingeisha na rangi ingerudi nyekundu. Lakini mimi simlaumu. Hakuna mtu aliyemweleza. Vazi la nyama lilibadilishwa, na mnunuzi akaachwa ajikisie mwenyewe.

Ndiyo sababu nimekuja leo. Katika miaka hii michache, namna tunavyofungiwa nyama imebadilika mara nyingi, na kila mara sisi wanunuzi tumelalamika, tumeogopa, au tumenyamaza mahali ambapo tungepaswa kusema. Nataka tuyapitie mabadiliko hayo moja baada ya jingine, kisha niwaambie kitu cha kuangalia.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka nyama ikifungwa kwa jani la mgomba. Kisii haijawahi kukosa migomba. Ulikuwa unakata jani, unalipitisha juu ya moto lilegee, unafunga nyama na kamba ya ganda la mgomba, unakwenda nyumbani. Jani likimaliza kazi linarudi shambani, linaoza, linakuwa mbolea. Baadaye likaja gazeti. Baada ya gazeti ikaja mifuko ya plastiki, ile tunayoita juala, na ndiyo iliyotuharibu, kwa sababu ilikuwa ya bure, nyepesi, na haivuji damu kwenye nguo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi, lilikadiria kwamba supamaketi za Kenya peke yake zilikuwa zikigawa mifuko ipatayo milioni 100 kila mwaka. Sasa ongezeni bucha, vibanda na maduka ya kijijini. Mifuko hiyo haikuoza. Ilikwenda kwenye mitaro, kwenye mito yetu, kwenye majani ya ng'ombe.

Hapa niseme kama mkaguzi. Kazi yangu ni kufungua tumbo la ng'ombe baada ya kuchinjwa na kukagua viungo. Nimeona kwa macho yangu donge la plastiki ndani ya tumbo la ng'ombe, limeshikana kama mpira wa watoto, na mwenye ng'ombe yuko pembeni akishangaa kwa nini mnyama wake alikuwa akikonda na huku anakula. Plastiki haisagiki. Inajaza tumbo, chakula kinakosa nafasi, maziwa yanapungua, mnyama anakufa polepole. Mfuko uliofungiwa nyama wiki hii ulikuwa unarudi kwetu ndani ya tumbo la ng'ombe wa mwaka ujao. Tulikuwa tunajiuzia hasara wenyewe.

Serikali ilijaribu kuzuia mifuko hiyo mwaka 2007, ikajaribu tena mwaka 2011, ikashindwa. Mara ya tatu ndiyo ilishika. Tangazo lilitolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali tarehe 28 Februari 2017, na marufuku yakaanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu iliyotajwa ilitisha watu: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka minne, au vyote viwili. Kenya haikuwa ya kwanza katika jambo hili. Rwanda ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Nakumbuka wiki ile ya Agosti. Mwuza nyama mmoja aliniambia, "Daktari, mnatuua. Mteja anakuja mikono mitupu, nimpe nyama mkononi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ilikuwa imefika kabla ya kifungashio mbadala. Kwa hiyo wauza nyama wakafanya nini? Wakarudi kwa gazeti.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Niliona gazeti likigusa nyama mbichi, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba watu wako kwenye shida, tuwape muda. Muda huo ukawa miaka. Wino wa gazeti haukutengenezwa uguse chakula. Unayeyuka kwenye mafuta na maji ya nyama, unahamia kwenye chakula. Tena gazeti limepita mikononi mwa watu wengi, limekaliwa, limelazwa sakafuni kabla ya kufika buchani. Mamlaka ya chakula ya India iliwaonya raia wake juu ya jambo hili hili mwaka 2016. Mimi nilipaswa kusema mapema, na leo ninasema mbele ya wauza nyama wote walioko hapa: gazeti lisiguse nyama. Kama huna kitu kingine cha kubebea, weka karatasi safi ya kaki ndani, ndipo gazeti likae nje.

Baadaye ikaja ile mifuko laini ya rangi rangi inayofanana na kitambaa. Watu waliipenda. Wengi walidhani ni nguo. Ukweli ni kwamba nayo ilitengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Mwezi Machi 2019, mamlaka ya mazingira, yaani NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku, kwa sababu iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa duni, inachanika baada ya kutumiwa mara moja, na ilikuwa inajaza jalala kama ile ya zamani. Kwa nyama ilikuwa na ubaya mwingine: inanyonya damu, na mtu anaitumia tena kesho kubebea nyanya na mboga. Vijidudu vya nyama mbichi vinahamia kwenye kachumbari ambayo haipikwi. Mtoto akiharisha, tunalaumu maji.

Wengine mtauliza: mbona mkate bado umefungwa kwa plastiki, na nyama ya supamaketi bado imefunikwa kwa plastiki? Ni kwa sababu marufuku yalilenga mifuko ya kubebea na ile mifuko bapa ya dukani na nyumbani. Kifungashio cha kiwandani kinachogusa bidhaa pale pale inapofungwa kiliachwa, kwa masharti, likiwemo sharti la kuonyesha ni nani aliyekitengeneza. Kwa hiyo mwuza nyama wa Marani akikupa juala anavunja sheria, lakini pakiti ya kiwandani yenye lebo ni jambo jingine.

Sasa tuingie supamaketi. Siku hizi watu wetu wengi wanaofanya kazi mjini hununua nyama huko wakirudi nyumbani Ijumaa. Na huko kuna mavazi mawili ya nyama. La kwanza ni trei iliyofunikwa kwa plastiki nyembamba. La pili ni ile pakiti iliyofyonzwa hewa, aliyoinunua mama wa Kegogi.

Kinachowachanganya watu ni rangi. Ndani ya nyama mna kitu kinachoitwa mayoglobini. Ndicho kinachoipa nyama rangi. Ng'ombe akikatwa na nyama isipate hewa, mayoglobini huwa na rangi ya zambarau. Ikikutana na oksijeni iliyo hewani, kwa muda wa nusu saa hivi inageuka kuwa nyekundu inayong'aa. Ikikaa siku kadhaa inageuka kahawia. Ni kitu kile kile, katika hali tatu. Kwenye trei, hewa inapita, kwa hiyo nyama ni nyekundu. Kwenye pakiti iliyofyonzwa hewa, hakuna oksijeni, kwa hiyo nyama ni ya zambarau. Na yale maji mekundu mnayoyaona chini ya trei si damu. Damu ilitoka machinjioni. Yale ni maji ya nyama yenye mayoglobini. Kile kitambaa cheupe chini ya nyama kimewekwa kunyonya maji hayo. Si mafuta wala si utumbo. Kitoe kabla ya kupika, kwa maana nimesikia sufuria ambazo kilipikwa pamoja na nyama.

Kwa hiyo zambarau si lazima iwe ubaya. Na sasa nisikilizeni vizuri: wekundu nao si lazima uwe uzuri.

Mnakumbuka Julai 2019. Kituo cha runinga cha NTV kilionyesha uchunguzi uliodai kwamba baadhi ya supamaketi nchini zilikuwa zikitia kemikali kwenye nyama ili ionekane mpya. Kemikali iliyotajwa ni sodiamu metabaisalfaiti. Nchi nzima ilishtuka. Watu waliapa kutonunua tena nyama kwenye trei. Hata hapa Marani nilisimamishwa njiani na wazee wakiniuliza kama ng'ombe wetu nao wametiwa dawa.

Kemikali hiyo si sumu ya panya. Ni ya jamii ya salfaiti, na hutumika kwa kipimo kwenye baadhi ya vyakula, kama matunda yaliyokaushwa, na lebo inatakiwa iseme. Ila kuitia kwenye nyama mbichi ni jambo jingine. Marekani, kwa mfano, inakataza salfaiti kwenye nyama. Sababu ni rahisi kuelewa. Salfaiti inairudishia nyama iliyochakaa wekundu wake. Mnunuzi anaona nyama ya leo, kumbe ni ya juma lililopita. Kemikali imefuta ushahidi, na kuna watu wenye pumu ambao salfaiti huwabana kifua.

Sasa wekeni mambo haya mawili pamoja. Mama mmoja alitupa nyama nzuri kwa sababu ilikuwa na rangi mbaya. Na mwaka 2019 nchi iliogopa kwamba watu walikuwa wakila nyama mbaya kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri. Wote walitegemea shahidi mmoja, rangi, na shahidi huyo hasemi ukweli wakati wote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimejifunza kujipamba, na kizuri wakati mwingine kimefungwa kwenye vazi lisilopendeza.

Msidhani ni sisi wa kijijini tu tunaochanganyikiwa. Mwaka 2023 huko Uingereza, kampuni kubwa ya supamaketi iitwayo Sainsbury's iliacha kuuza nyama ya kusaga ya ng'ombe kwenye trei, ikaanza kuifyonza hewa na kuifunga kama matofali. Kampuni ilisema inapunguza plastiki kwa zaidi ya nusu, tani 450 kwa mwaka. Jambo jema. Lakini wateja walilalamika sana. Wengine walisema nyama imegandamana, haiachani kwenye sufuria. Wengine walisema inaonekana kama kitu kilichotoka hospitalini. Watu waliosoma, wenye friji nyumbani, walishikwa na hofu ile ile ya mama wa Kegogi. Hii inatufundisha kwamba malalamiko ya mnunuzi si ujinga. Mtu anapobadilishiwa chakula chake bila maelezo, ana haki ya kutilia shaka.

Na kuna sababu ya ndani zaidi ya shaka hiyo. Fikirini jinsi mnavyonunua nyama buchani hapa Marani. Unaiona paja ikining'inia. Unaona muhuri wa mkaguzi, ule wino juu ya nyama, unaosema kwamba mnyama huyu alichinjwa mahali panaporuhusiwa na amekaguliwa. Unasogea, unanusa. Unamwambia mwuzaji, "Nikatie hapa, si pale." Unamjua, unamjua baba yake. Akikuuzia nyama mbaya leo, kesho utamkuta kanisani. Ushahidi wako ni pua, jicho, muhuri na jina la mtu.

Nyama ikishafungwa kwenye pakiti, ushahidi wote huo unaondoka. Huwezi kunusa. Huwezi kugusa. Muhuri umebaki kwenye sehemu nyingine ya mnyama. Mwuzaji humjui. Kilichobaki mikononi mwako ni lebo peke yake. Kwa hiyo lebo lazima ifanye kazi ya pua, ya muhuri na ya jirani. Lebo isiyosema kitu ni sawa na mwuza nyama anayefunika uso.

Na hii si hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hiyo. Machinjio na leseni za wanaouza chakula ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mkituuliza, hamtuombi msaada. Mnatudai kazi yetu.

Basi nikupeni mambo ya kuangalia. Vijana wenye simu, andikeni.

La kwanza, soma lebo kabla ya kutazama rangi. Iseme ni nyama gani, ina uzito gani, ilifungwa lini, mwisho wake lini, nani aliyeifunga na yuko wapi, na itunzwe kwenye baridi kiasi gani. Ukiona karatasi mpya imebandikwa juu ya karatasi ya zamani, iache hapo hapo na umwite msimamizi.

La pili, shika pakiti. Iwe baridi mkononi. Pakiti iliyofyonzwa hewa iwe imeshikamana na nyama. Ikiwa imevimba au imelegea, hewa imeingia au vijidudu vimetoa gesi. Usiinunue hata ukipunguziwa bei.

La tatu, ukifika nyumbani fungua pakiti, weka nyama kwenye sahani safi, ngoja nusu saa. Harufu ya kufungiwa itaondoka. Rangi itabadilika. Ikiwa baada ya muda huo bado inanuka uchungu au uozo, au inateleza kama sabuni unapoigusa, hiyo imeharibika kweli. Usiioshe kwa siki, usiizidishie viungo. Irudishe ukiwa na risiti. Ndiyo maana risiti isitupwe mlangoni mwa duka.

La nne, na hili ndilo linalotuhusu sana sisi wa Marani, Sensi na Monyerero. Tarehe iliyo kwenye lebo ni ahadi ya friji. Si ahadi ya kabati lako. Mtu ananunua mjini saa nane, anazunguka sokoni, anasubiri matatu ijae, anashuka, anapanda bodaboda, anafika saa moja usiku. Pakiti inasema siku kumi. Lakini nyama imekaa kwenye joto tangu mchana. Nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo nunua nyama mwisho, ukiwa tayari kuondoka. Na kama nyumbani huna friji, ipike siku hiyo hiyo, haidhuru tarehe inasema nini. Pakiti iliyofyonzwa hewa isipokaa kwenye baridi ina hatari yake ya pekee, kwa sababu kuna vijidudu vinavyopenda mahali pasipo na hewa, na sumu yao haina harufu.

La tano, kwa wale wanunuao buchani: beba chombo chako. Bakuli lenye mfuniko, lililooshwa kwa maji moto na sabuni. Kiwe chombo cha nyama peke yake, mboga zikae kwenye kikapu kingine. Chombo kiwekwe kwenye mizani kwanza, mizani irudishwe kwenye sufuri, ndipo nyama iingie. Unalipia nyama, hulipii bakuli wala karatasi. Na jani la mgomba? Wazee wananitazama. Ndiyo, kwa safari fupi, likiwa limeoshwa na kupitishwa motoni, mimi sina ugomvi nalo. Ni safi kuliko gazeti.

Kwa ndugu zetu wauza nyama, nina maneno machache. Najua mmebanwa. Karatasi ya kaki inauzwa, juala ilikuwa karibu bure. Faida ya kilo moja ni ndogo. Lakini tazameni lililotokea mwaka 2019. Supamaketi zenye taa na vioo zilipoingiwa na shaka, watu walikumbuka nani? Walikumbuka mtu wa bucha anayewatazama usoni. Hiyo ndiyo mali yenu. Msiiuze kwa gazeti la jana. Onyesheni muhuri, usikatwe mapema na kufichwa. Sanduku la kubebea nyama kwenye pikipiki liwe safi, lifungwe, lisibebe kitu kingine. Mteja akija na bakuli lake, msimkunjie uso. Amewapunguzia gharama.

Baada ya kusema haya nilipokuwa soko jingine, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo nalipenda. Akasema, "Daktari, mwanangu, sasa unataka tununue wapi, supamaketi au buchani?" Nikamjibu, "Baba, nunua mahali ambapo swali lako linajibiwa." Uliza nyama hii ilichinjwa lini. Uliza iko wapi alama ya ukaguzi. Anayekujibu bila kukasirika, iwe ni kijana wa supamaketi mwenye aproni nyeupe au ni jirani yako hapa sokoni, huyo anaijua nyama yake. Anayekwepa swali amekwisha kujibu.

Na mkiona nyama isiyo na muhuri, nyama inayouzwa gizani kwa bei ya ajabu, au lebo iliyochezewa, njoni ofisi ya mifugo au ya afya ya umma ya kaunti ndogo. Njoni na pakiti, msije na hasira peke yake. Pakiti ina habari ambazo zinatusaidia kufuata njia hadi ilikotoka. Ukiitupa, umetupa shahidi.

Yule mama wa Kegogi nilimtembelea baadaye. Tuliketi jikoni, akanipa chai. Nikamweleza habari ya zambarau na nyekundu kama nilivyowaeleza ninyi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mbwa walikula vizuri kuliko wakwe zangu." Tukacheka. Lakini akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Si wangeandika tu kwenye pakiti? Mstari mmoja. Kwamba ngoja nusu saa."

Mstari mmoja. Kwa wenye supamaketi ambao ujumbe huu utawafikia, huyo ndiye mteja wenu, na hilo ndilo ombi lake. Akina mama wanaposhindwa kuelewa pakiti, kosa si la akina mama. Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana, pale pale juu ya nyama.

Nasi wengine tuendelee kuuliza.